Silabi za Kiingereza Huhesabiwa kwa Sikio

Neno la Kiingereza “strengths” lina herufi tisa na silabi moja tu. Neno “idea” lina herufi nne na silabi tatu. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili lazima ashangae, maana Kiswahili kimemzoesha kuyaamini macho yake: akiona irabu anaitamka, na kila irabu anayoitamka ni silabi. Kiingereza kina desturi nyingine. Tahajia yake imebeba historia ya karne nyingi, na sauti kadhaa zilizotamkwa zamani zimekwisha kunyamaza huku herufi zake zikiendelea kuandikwa. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu silabi za neno la Kiingereza, lisikie kwanza, ndipo uliangalie.

Nayaandika haya kwa mzazi ambaye mtoto wake anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza amerudi na zoezi la kugawa maneno, na yeye hajui amsaidieje. Nayaandika pia kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyesoma masomo karibu yote kwa Kiswahili na sasa anafundishwa fizikia na historia kwa Kiingereza. Jambo lenyewe halikomei kwenye mtihani. Silabi ikizidi, neno hugeuka neno lingine. Ukichomeka irabu ndogo kati ya “s” na “p” ya “sport”, msikilizaji atasikia “support”. Ukifanya hivyo kwenye “claps” atasikia “collapse”, na kwenye “blow” atasikia “below”. Ukimalizia “sit” kwa i, umeshasema “city”. Ukimalizia “luck” hivyo hivyo, umesema “lucky”. Wapo wanaojitaabisha kuiga lafudhi ya London au ya New York. Kwa maoni yangu lafudhi ya mtu haina ubaya wowote, iwe ya Tanga, ya Kisumu au ya Bukavu. Idadi ya silabi ndiyo ya kuhangaikia, kwa kuwa ikiharibika, mwenzako hakuelewi.

Katika kazi hii Mswahili haingii mikono mitupu. Ushairi wetu wa kimapokeo umejengwa juu ya hesabu hiihii. Utenzi huwa na mizani nane katika kila mshororo, na shairi la tarbia lililozoeleka lina mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na hadi leo wapo vijana wanaohesabu mizani kwa vidole wakiandika shairi la gazetini. Anayeweza hilo tayari ana sikio linalohitajika. Anachopaswa kubadili ni kanuni ya kuhesabia.

Katika Kiswahili unahesabu irabu zilizoandikwa, pamoja na m au n inayosimama peke yake kama katika m-tu, m-bwa na n-chi. Katika Kiingereza unahesabu irabu zinazosikika. Irabu moja inayosikika ni silabi moja, iwe imeandikwa kwa herufi moja, mbili au tatu. “Beautiful” ina herufi tano za irabu, lakini zinazosikika ni tatu: byu, ti, ful. “Queue” ina herufi nne za irabu zikifuatana, na ni silabi moja. Herufi “e” ya mwisho katika “make”, “hope” na “time” haitamkwi kabisa. Kazi yake ni kuionyesha irabu iliyotangulia namna ya kutamkwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu mkono wa Kiswahili hauandiki herufi bure.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani mpaka uelezwe. Kiswahili husema cha-i, silabi mbili, na ba-o, silabi mbili. Kiingereza kinazo irabu unganifu, yaani irabu inayoanza mahali pamoja mdomoni na kutelezea pengine bila kukatika, nayo huhesabiwa kuwa moja. Kwa hiyo “buy” ni silabi moja, “time” ni silabi moja, na “now”, “house”, “boy” na “rain” vilevile. Mswahili akisema “ta-im” kwa sauti mbili zenye nguvu sawa, ameongeza silabi bila kujua. Sehemu ya kwanza ya irabu unganifu ipe nguvu, ya pili iachie ififie upesi.

Lakini si kila irabu mbili zilizoandikwa pamoja ni unganifu. “Create” ni silabi mbili, “lion” mbili, “poet” mbili, “science” mbili, “area” tatu. Tahajia haikupi alama ya kutofautisha “ea” ya “create” na “ea” ya “meat”. Sikio na kamusi ndivyo vitakavyokuamulia.

Sasa tuje kwenye konsonanti zinazosongamana. Lugha yetu hupenda silabi inayoishia kwa irabu, na maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza tumeyavisha umbo hilo. “Bus” yenye silabi moja imekuwa basi, “bank” imekuwa benki, “shirt” imekuwa shati, na “film” yenye silabi moja tumeifanya filamu yenye tatu. Hayo sasa ni maneno ya Kiswahili kamili na hayana kasoro. Tatizo huanza mtu anapozungumza Kiingereza huku ulimi wake ukiendelea kuyavisha maneno nguo hizo. Dawa ni kujizoeza kufunga neno mahali linapofungwa. Ukisema “bus”, malizia meno yakiwa yamekaribiana na hewa ya s ikipita, usifungue mdomo mpaka sauti imekatika. Ukisema “club”, midomo ikutane kwenye b na ibaki imefumbwa. Kwa konsonanti za mwanzoni, anza na kipande cha mwisho kisha rudi nyuma: “eet”, “reet”, “treet”, “street”. Kila unapoongeza konsonanti, hakikisha idadi ya silabi bado ni moja.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni viambishi vya mwisho, “-ed” na “-s”. Vinatokea karibu katika kila sentensi, na vina kanuni ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika kwa wiki moja.

Tuanze na “-ed” ya wakati uliopita. Kiambishi hiki huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d. “Want” ni silabi moja, “wanted” ni mbili. “Need” ni moja, “needed” ni mbili. “Decide” ni mbili, “decided” ni tatu. Kwingine kote hakiongezi kitu: “walked” ni silabi moja, na “played”, “called”, “stopped”, “watched” na “asked” ni hivyo hivyo. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ulimi hauwezi kutamka d mara mbili mfululizo na msikilizaji akazisikia mbili, kwa hiyo irabu ndogo huwekwa katikati kuzitenganisha. Pasipo na haja hiyo, irabu haipo.

Halafu kuna swali la sauti gani isikike, t au d. Weka vidole kooni utamke konsonanti ya mwisho ya kitenzi. Kama koo halitetemeki, kama katika p, k, f, s, sh na ch, kiambishi kinasikika t: “walked” inaishia kt, “stopped” inaishia pt. Kama linatetemeka, au kitenzi kinaishia kwa irabu, kinasikika d, kama katika “called” na “played”. Hizo ndizo ghuna na si ghuna zinazofundishwa katika fonolojia ya Kiswahili, na mwalimu anaweza kuzitumia bila kuanza upya.

Yapo maneno machache yanayokaidi, mengi yake vivumishi. “Naked”, “wicked”, “sacred”, “rugged” na “crooked” yana silabi mbili kila moja, ingawa hayana t wala d kabla ya “-ed”. “Learned” ikiwa kitenzi ni silabi moja. Ikimwelezea msomi aliyebobea ni mbili. Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza kanisani wanaijua “blessed” ya silabi mbili, na “beloved” ya silabi tatu. Haya hukaririwa tu.

Kiambishi “-s” kinafuata mantiki ileile. Kinaongeza silabi pale tu neno linapoishia kwa sauti inayofanana nacho: s, z, sh, ch au j. Ndiyo maana “buses”, “boxes”, “wishes”, “watches” na “judges” ni silabi mbilimbili, na “faces” pia. Lakini “makes”, “comes” na “goes” ni silabi moja, japo zina “es” machoni. “Clothes” ni silabi moja. Neno hili peke yake linafaa kubandikwa ukutani mwa kila darasa, maana nimelisikia likitamkwa kwa silabi mbili na hata tatu na watu wenye shahada.

Nilisema kwamba Kiswahili kinaruhusu konsonanti kuwa silabi, kama m ya mtu. Kiingereza nacho kinaruhusu, ila huiweka mwishoni mwa neno. “Table”, “bottle” na “little” ni silabi mbili, na katika silabi ya pili l ndiyo inayofanya kazi ya irabu. “Button” na “sudden” hufanya hivyo kwa n. “Rhythm” haina hata herufi moja kati ya a, e, i, o, u, na ina silabi mbili kwa sababu ya m ya mwisho. Mgeni wa lugha nyingine hutatizika hapa, lakini Mswahili anayetamka mtu na mtoto kutwa nzima anaweza kuipata “rhythm” siku ya kwanza, mradi asiimalizie kwa u.

Kwa upande mwingine kuna maneno ambayo wenye Kiingereza wenyewe huyameza. “Chocolate” ni silabi mbili katika mazungumzo ya kawaida. “Vegetable” ni tatu, si nne. “Comfortable” ni tatu pia. “Wednesday” ni mbili, “every” mbili, “business” mbili. Na si wote wanaomeza mahali pamoja: “medicine” kwa Waingereza wengi ni silabi mbili, kwa Wamarekani ni tatu, “secretary” Mwingereza huifanya tatu na Mmarekani nne. “Fire” na “hour” huhesabiwa moja na wengine, mbili na wengine, na pande zote mbili zina hoja. Mtoto akiambiwa shuleni kwamba “fire” ni moja na kitabu kikasema mbili, usimfanye adhani mwalimu hajui. Mweleze kwamba katika maneno kama haya hesabu inategemea anayetamka, kisha muendelee.

Ili kuhesabu bila kubahatisha, weka kiganja chini ya kidevu karibu kukigusa, tamka neno polepole bila kulivunja, uhesabu mara ambazo kidevu kinashuka. Njia hii ni nzuri kwa irabu zinazopanua mdomo, lakini kwa i, na kwa l au n ya mwishoni, kidevu hakisogei vya kutosha. Hapo fumba midomo uligune neno kwa lafudhi yake. Migunio itakayosikika ndiyo silabi. Kupiga makofi, ambako ndiko kumeenea madarasani, nakushauri ukutumie kwa tahadhari. Mtoto wa Kiswahili akiambiwa apige kofi kwa “stop”, mikono yake itaomba irabu kwa kila kofi, na utapata “si-to-pu” yenye makofi matatu safi. Asikie kwanza neno zima kutoka kwa mtu au kwenye rekodi, alirudie zima, ndipo apige.

Kamusi itumike, lakini kwa kujua unachokitazama. Kamusi nyingi za Kimarekani huligawa neno kwa nukta pale juu linapoandikwa kwa herufi nzito. Nukta hizo zinaonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwisho wa mstari, wala hazikuwekwa kwa ajili ya kuhesabia silabi. Desturi ya wachapaji hairuhusu herufi moja iachwe peke yake mwisho wa mstari, ndiyo maana “again” huandikwa bila nukta ingawa ina silabi mbili. Angalia mabano ya matamshi yanayofuata, uhesabu alama za irabu humo. Wenye kompyuta wanaweza pia kutumia kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, inayopatikana bure na yenye maneno zaidi ya 130,000 kwa matamshi ya Kimarekani. Humo kila irabu imewekewa tarakimu, 0, 1 au 2, kuonyesha uzito wa mkazo. Hesabu tarakimu na umepata silabi.

Kuhesabu sauti ni kazi nyingine, na isichanganywe na ya silabi. Matamshi ya kawaida ya kusini mwa Uingereza yanahesabiwa kuwa na sauti 44, konsonanti 24 na irabu 20, nane kati ya irabu hizo zikiwa unganifu. Alfabeti ina herufi 26 tu, kwa hiyo herufi hulazimika kushirikiana. Sisi hili tunalijua: sh ya shule ni herufi mbili na sauti moja, vivyo hivyo ch, th na dh. “Ship” basi ni sauti tatu. “Through” ina herufi saba na sauti tatu, “eight” ina herufi tano na sauti mbili, “knee” ni sauti mbili. Na kinyume chake, “box” ina herufi tatu na sauti nne, kwa kuwa x ni k na s. “Use” ya kitenzi ni sauti tatu, y, u na z, japo y haionekani popote. Irabu unganifu, hata ikitelezea wapi, huhesabiwa sauti moja. Na r ya mwishoni hutegemea nchi: “car” ni sauti mbili London, tatu Chicago.

Kuna mahali ambapo sikio la Kiswahili linawashinda wanafunzi wengi wa lugha nyingine. “Singer” na “finger” zimeandikwa kwa “ng” ileile, ila ya kwanza ni ng’ ya ng’ombe na ya pili ni ng ya ngoma. Kwa hiyo katika “finger” kuna sauti moja zaidi, g. Mwambie mwanafunzi jambo hilo mara moja kwa mifano ya ng’ombe na ngoma, hatalisahau.

Usimkasirikie mtoto mdogo anayeweza silabi na kushindwa sauti. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo watoto waligonga meza mara moja kwa kila silabi, au kwa kila sauti, ya neno waliloambiwa. Watoto wa miaka minne karibu nusu yao waliweza silabi, na hakuna hata mmoja aliyeweza sauti. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza, asilimia 90 waliweza silabi na asilimia 70 sauti. Silabi huja mapema kwa kuwa mdomo huitamka kama kitu kizima. Sauti mojamoja hazitengani mdomoni, na mtoto huanza kuzitambua akifundishwa kusoma.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin alibuni njia ya visanduku ambayo mpaka leo inatumika duniani, na haihitaji zaidi ya kipande cha karatasi na vizibo vya soda. Chora visanduku vinne mfululizo. Tamka “stop” taratibu ukiburuta sauti, na mtoto asukume kizibo kimoja ndani ya kisanduku kwa kila sauti anayoisikia: s, t, o, p. Usimwonyeshe maandishi kwanza. Na wewe unayefundisha, chunga usitamke “sa, ta, o, pa”. Sisi tulifundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na njia hiyo inakifaa Kiswahili vizuri sana, lakini hapa konsonanti lazima ibaki peke yake. Tamka s kama hewa inayovuja, na p kama midomo inayoachana bila koo kufanya kazi.

Ukishapata idadi ya silabi, tafuta ipi imebeba mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa mazoea hayo wengi wetu husema “comforTAble” na “vegeTAble”. Kiingereza huuhamisha: “photograph” ina mkazo kwenye silabi ya kwanza, “photographer” kwenye ya pili, “photographic” kwenye ya tatu. Kamusi huuonyesha kwa kijistari cha wima kinachotangulia silabi yenyewe. Silabi zisizo na mkazo hufifia, na irabu zake nyingi hugeuka ile irabu hafifu inayoitwa shwa, isiyo a wala e. Usiifute katika hesabu kwa sababu ni dhaifu. “About” ni silabi mbili, na ya kwanza ni shwa.

Jioni moja kaeni nyumbani mchukue maneno sita, kila mmoja aandike silabi na sauti bila kuangalia ya mwenzake: “watched”, “faces”, “knife”, “breathe”, “Wednesday” na “cupboard”. Kwa matamshi ya Uingereza majibu ni haya. “Watched” ni silabi moja na sauti nne, ya mwisho ikiwa t. “Faces” ni silabi mbili, sauti tano. “Knife” ni silabi moja, sauti tatu. “Breathe” ni silabi moja na sauti nne, ya mwisho ikiwa dh ya dhahabu. “Wednesday” ni silabi mbili na sauti sita, kwa sababu d ya kwanza haisikiki. “Cupboard” ni silabi mbili na sauti tano. P na r hazitamkwi, na irabu ya pili ni shwa.